Bima ya Ndege Ndogo: Tarakimu Unayoijaza Mwenyewe

Tuseme ndege yako ni Cessna 182, injini moja, viti vinne. Umeondoka Wilson, Nairobi, asubuhi na mapema, na kabla ya saa mbili unatua kwenye kiwanja cha changarawe pembezoni mwa hifadhi. Magurudumu ya nyuma yameshika ardhi vizuri, mwendo umepungua, na mawazo yako yameshafika kwenye chai. Ghafla gurudumu la mbele linazama kwenye shimo ambalo muhanga amelichimba usiku. Pua inainama, pangaboi linakwangua ardhi, injini inazima. Mnashuka wote wazima.

Kwa jicho la haraka, hasara ni pangaboi tu, maana ncha zake zimejikunja. Fundi atakwambia mengine. Injini iliyosimamishwa na ardhi ikiwa bado inazunguka hupata kishindo mpaka kwenye mhimili wake, hivyo lazima ishushwe, ifunguliwe na ikaguliwe kabla ya kuruka tena. Mguu wa mbele umepinda. Ukuta unaotenganisha injini na chumba cha rubani nao umepata mikunjo. Zaidi ya hayo, ndege iko porini: mabawa yatafunguliwa na lori litaitwa.

Hapo ndipo hati ya bima inapotolewa kabatini, mara nyingi kwa mara ya kwanza tangu isainiwe.

Hati hiyo kwa kawaida ina mambo matatu. La kwanza ni ndege yenyewe, ikiharibika angani, ikitembea ardhini au ikiwa imeegeshwa. La pili ni madai ya watu walio nje ya ndege, na la tatu ni madai ya abiria. Anayelifahamu gari lenye bima kubwa ataona sura anayoijua. Tofauti ipo kwenye thamani, na tofauti hiyo imewaliza wengi.

Thamani mliyokubaliana

Gari likiharibika kabisa, kampuni kwa kawaida hulipa bei ya soko ya siku ile. Kwa ndege ndogo, mara nyingi hulipwa thamani iliyoandikwa kwenye hati siku ya kukata bima. Mwenye ndege ndiye huitaja, na kwa kuwa ada hukokotolewa kwa asilimia ya thamani hiyo, kishawishi cha kuishusha ni kikubwa.

Turudi kwenye shimo la muhanga, tupige hesabu za mfano. Sokoni ndege yako ni ya dola 150,000, lakini uliiandikia 90,000 ili kupunguza ada. Matengenezo yatagharimu 70,000. Mabaki, yakiuzwa jinsi yalivyo, yataleta 40,000. Kampuni ina njia mbili: itengeneze kwa 70,000, au ikulipe 90,000, ichukue mabaki na kuyauza, mfukoni ziitoke 50,000 tu. Itachagua ya pili. Wewe utaondoka na dola 90,000, huna ndege, na pesa hiyo hainunui nyingine kama ile. Mnunuzi wa mabaki ataitengeneza, na mwakani utaiona imeegeshwa mbele ya hanga la mtu mwingine, ikiwa na rangi mpya.

Kuipandisha thamani nako kuna adhabu yake. Iandike 200,000, kisha ipate ajali mbaya inayohitaji matengenezo ya 120,000. Kukulipa kabisa na kuuza mabaki kwa zile zile 40,000 kutaigharimu kampuni 160,000, basi itaona nafuu kutengeneza. Utasubiri vipuri miezi kadhaa, kisha urudishiwe ndege yenye ajali kubwa kwenye kitabu chake cha kumbukumbu, na kila mnunuzi atakisoma.

Kwa hiyo andika bei ambayo kweli ingekununulia ndege ya aina ile, umri ule, na injini yenye saa zile. Iangalie upya kila unapohuisha hati, hasa baada ya kubadilisha injini au vifaa vya urubani. Iandikwe kwa dola ikiwezekana, kwa sababu vipuri vitanunuliwa kwa dola. Na kumbuka kwamba hati hailipii uchakavu. Injini iliyochoka yenyewe ni mzigo wako.

Nani alikuwa kwenye usukani?

Bima husimama juu ya wingi: wengi wanachanga, wachache wanapata hasara. Magari yanao wingi huo, ndege ndogo za watu binafsi hazina. Ndiyo maana hata soko la bima la Lloyd's la London, lililoandika hati yake ya kwanza ya ndege mwaka 1911, liliacha mwaka uliofuata baada ya ajali zilizoletwa na hali mbaya ya hewa kwenye maonyesho ya ndege. Biashara hiyo baadaye ilirudi London ikakua. Leo kampuni ya Nairobi au Dar es Salaam ikipokea ndege yako, hubaki na sehemu ya hatari na nyingine huipeleka kwenye bima mtawanyo, mara nyingi huko huko London. Anayepanga bei yako huenda hajawahi kuona kiwanja chenye pundamilia. Anachokijua kukuhusu ni fomu uliyoijaza.

Kwenye fomu hiyo, jicho lake huenda kwanza kwa rubani: saa zake zote za kuruka, saa zake kwenye aina ile ya ndege, ajali zake za nyuma. Hati itataja marubani kwa majina, au itaweka kiwango, kwa mfano yeyote mwenye leseni hai, saa 500 kwa jumla na 50 kwenye aina hiyo. Kaka yako mwenye saa 480 akiomba ndege wikiendi, ni rubani mzuri, lakini kwa hati yako ni mtu asiye na bima. Vivyo hivyo kwa rubani ambaye cheti chake cha afya kimekwisha muda, hata kama afya yenyewe ni njema.

Mchango wa mafuta

Sehemu nyingine inayosomwa kwa haraka ni matumizi. Kwa lugha ya hati, matumizi binafsi ni ya starehe yako tu, bila kazi wala malipo. Kuitumia kwenda shambani au kwenye miradi yako ni matumizi ya biashara, na lazima yatajwe. Kubeba watu kwa nauli ni jambo la tatu, lenye bei yake na vibali vyake. Rafiki akikupa fedha za mafuta ili umfikishe Lamu, hisani hiyo inaweza kusomwa kama nauli. Muulize dalali wako wa bima kabla ya kuzipokea, na jibu lake lije kwa maandishi.

Hapo ndipo madai ya abiria yanapouma. Anayedai huenda asiwe rafiki yako, bali mjane na watoto aliowaacha. Madai ya nje ya ndege nayo si ya kupuuza: anayeruka kutoka Wilson ana nyumba za watu karibu mno. Kama kipimo, Umoja wa Ulaya unazitaka ndege zenye uzito wa kilo 1,000 hadi 2,700, kundi la Cessna nyingi, ziwe na bima ya watu wa nje isiyopungua SDR milioni 3, fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Marekani haina sharti kama hilo la taifa zima kwa ndege binafsi. Sheria ya kwenu ikitaja kiwango, kihesabu kuwa sakafu. Dari lipimwe kwa mali uliyonayo, maana hiyo ndiyo itakayofuatwa mahakamani.

Jioni ya leo, itoe hati na usome mistari minne: thamani, marubani, matumizi, na mipaka ya nchi na viwanja unavyoruhusiwa kutua. Muhanga hachimbi shimo lake kwa taarifa. Mistari hiyo minne uliijaza ukiwa umekaa kitini, kalamu mkononi, na bado unaweza kuisahihisha kwa simu moja kabla ya safari ijayo.