Alama za njia ya Kirinyaga, 1899

Mwishoni mwa Julai 1899 msafara wa Halford Mackinder, mwanajiografia wa Oxford, ulitoka Nairobi kuelekea Mlima Kenya, yaani Kirinyaga. Wazungu walikuwa 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96, na Wamaasai 2 wa kuongoza njia. Reli ilikuwa imefika Nairobi miezi miwili tu nyuma.

Mkono wa kushoto wa njia ni safu ya Nyandarua, ambayo mpelelezi Joseph Thomson aliipa jina la Aberdare katika miaka ya 1880, utadhani haikuwa na jina. Mbavuni mwake hushuka mito baridi, ikiwemo Gura na Chania ya Nyeri, inayomiminika katika mto Sagana. Kila mto umechimba bonde lake, kwa hiyo msafiri wa kaskazini huyakata mabonde hayo moja baada ya jingine: hushuka, huvuka, hupanda, na kabla jasho halijakauka bonde jingine liko mbele. Kwa mpagazi mwenye mzigo kichwani, hapo ndipo safari ilipokuwa na uzito wake. Njaa na ndui vilikuwa vimeikumba nchi ya Wakikuyu mwaka ule, na chakula cha kununua kilikuwa adimu.

Ng'ambo ya Nyeri hujitokeza Kirinyaga wenyewe. Alama hii ina hila: alfajiri kilele huwa wazi, kisha mawingu hukifunika, na anayechelewa kuamka haoni kitu. Msafara ulifika chini ya mlima tarehe 18 Agosti. Chakula kikakosekana kabisa, watu wawili wakauawa, na msaada ukaagizwa kutoka Naivasha.

Kwenda juu, mimea ndiyo inayomwonyesha mpandaji alipofika. Kwanza msitu wenye mierezi, kisha mianzi, halafu nyika yenye baridi na lobelia ndefu kuliko mtu, mwisho mawe na barafu.

Katika jaribio la kwanza la kufika kileleni, Mackinder alirudi nyuma tarehe 30 Agosti, usiku ulipoingia. Jaribio jingine lilishindwa kwa dhoruba ya theluji. Adhuhuri ya 13 Septemba, yeye na waongozaji wake wa kupanda milima, César Ollier na Joseph Brocherel, walisimama juu ya kilele cha Batian, mita 5,199, baada ya kuvuka barafu ya Lewis na kulala mwambani. Vilele vya Batian, Nelion na Lenana vina majina ya viongozi wa Kimaasai. Barafu ya Lewis leo imebaki vipande.