Vijana Watatu, Tiketi Tano: Nairobi au Dubai kwa Familia ya Zinga?

Mtoto akitimiza miaka 12, ndege humtoza nauli ya mtu mzima. Treni ya Mombasa–Nairobi nayo hutoa nusu nauli kwa wenye miaka 3 hadi 11 tu. Hotelini atadai kitanda chake, na mezani kila mzazi mwenye mtoto wa sekondari anajua nani humaliza sufuria. Kwa hiyo baba, mama na vijana wao wa miaka 13, 15 na 17 wakitoka Zinga, Bagamoyo, kwenda kutembea mji wa nje, mbele ya karani wa tiketi wao ni watu wazima watano.

Kabla ya kubishana kuhusu mji, gawa gharama mafungu mawili. Kuna za kichwa: pasipoti, viza, nauli, viingilio. Hizi huzidishwa kwa tano. Na kuna za kaya: Noah ya kukodi hadi uwanja wa ndege, nyumba ya kupanga, sokoni. Hizi hugawanywa kwa tano. Mji unaofaa mfuko wako ni ule wenye gharama ndogo za kichwa, hata kama watu wanasema maisha ya huko ni ghali.

Yasiyokwepeka

Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Watano ni 750,000, na hapo bado hamjapanda gari. Vyeti vya kuzaliwa vya vijana viwe tayari, na kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, barua ya ridhaa yake iliyothibitishwa na wakili itapunguza maswali mpakani.

Anayeingia Tanzania akitokea Kenya hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo msichanje mkesha wa safari. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, hulipii tena.

Nairobi kwa barabara na reli

Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya, na kibali cha mtandaoni ambacho Kenya ilianza kuwadai wageni Januari 2024 hakiwahusu raia wa Afrika Mashariki. Sufuri ukiizidisha kwa tano inabaki sufuri.

Mkazi wa Zinga ana nafuu nyingine: si lazima arudi Dar kutafuta basi la kaskazini. Lami ya Bagamoyo–Msata, kilomita 64, inamtoa kwenye njia kuu ya Chalinze–Segera. Ila kata tiketi mapema na umweleze wakala kwamba mtapandia Msata. Ukisimamisha basi njiani mkiwa watano, viti vitano hutavipata.

Basi likiwafikisha Tanga, mnavuka mpaka Horohoro na kuingia Lungalunga, kisha Likoni, ambako atembeaye kwa miguu halipii kivuko. Laleni Mombasa usiku mmoja. Fort Jesus, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011, itawapa mji wa pili ndani ya safari ileile.

Treni ya Mombasa hadi Nairobi, tangu Januari 2024, ni shilingi 1,500 za Kenya daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Kwa kukadiria, zidisha kwa 20 upate za kwetu. Watano kwenda na kurudi daraja la kawaida ni kama 300,000, na daraja la kwanza ni 900,000. Tofauti ya 600,000 ni pasipoti nne, na treni ni ileile inayofika saa ileile. Kumbuka tu kwamba stesheni ya Nairobi iko Syokimau, nje ya katikati ya mji, hivyo weka nauli ya kuingia mjini.

Nairobi pangeni nyumba yenye jiko badala ya vyumba viwili vya hoteli. Nauli za matatu, yaani daladala za huko, hupanda mvua ikinyesha na jioni watu wakitoka kazini, kwa hiyo tembeeni mchana. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946 pembeni mwa jiji, ina kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki kilicho chini sana ya kile cha wageni wengine. Bila pasipoti mkononi unafuu huo hutaupata. Na Juni hadi Julai ni baridi: masweta ya mitumba nunueni nyumbani kabla ya kuondoka.

Dubai kwa ndege

Emirates na Air Tanzania huruka moja kwa moja kutoka Dar, lakini tiketi tano na viza ndizo zinazomeza bajeti. Tangu 2018 Falme za Kiarabu husamehe ada ya viza ya utalii kwa walio chini ya miaka 18 wanaofuatana na wazazi, kati ya Julai 15 na Septemba 15. Shule zetu za serikali hufunguliwa mapema Julai, na Dubai wakati huo joto hupita nyuzi 40. Punguzo linakuja watoto wako wakiwa darasani. Wenye watoto kwenye shule za kimataifa ndio watalifaidi.

Ukishafika, mji una nafuu zake. Pasi ya siku nzima ya metro ni dirham 20. Zidisha kwa 700: ni 14,000 kwa mtu, 70,000 kwa kaya. Mashua ya abra kuvuka Dubai Creek ni dirham 1. Kutazama jengo la Burj Khalifa, mita 828, ukiwa chini ni bure. Kupanda juu bei hutegemea saa, na jua likizama ndiyo ghali zaidi. Hoteli huongeza tozo ya utalii ya dirham 7 hadi 20 kwa chumba kila usiku, nanyi mtahitaji vyumba viwili.

Waonye vijana mapema: kutafuna bazoka ndani ya metro ni faini ya dirham 100, na simu za WhatsApp hazipigiki huko. Bajeti ya bando iongezeke.

Uamuzi

Kwa mshahara wa kawaida na vijana watatu, Nairobi kupitia Mombasa ndiyo safari. Dubai ifikirie kama una kijana mmoja, au una ndugu wa kuwapokea huko, maana malazi yakitoka kwenye hesabu mambo hubadilika.

Popote mwendako, wekeni akiba ya sehemu moja ya kumi, na mpeni kila kijana haki ya kuchagua kiingilio kimoja tu cha kulipia. Atakilinganisha na vingine kwa umakini kuliko wewe. Malipo ya kwanza yawe pasipoti, kwani miji yote miwili inazitaka.