Pikipiki Iliyokwisha Tumika: Namna ya Kuchagua Itakayofaa Safari ya Kila Siku

Mtu akaaye Kayole na kufanya kazi Westlands husafiri kama kilomita 20 asubuhi, na kilomita 20 nyingine jioni. Akifanya kazi siku 26 katika mwezi, hizo ni zaidi ya kilomita 1,000. Na kwa mwaka mzima ni zaidi ya kilomita 12,000, ambazo ni sawa na kwenda Mombasa na kurudi mara 12. Basi si ajabu ya kuwa watu wengi wa mitaa ya Eastlands, wakiisha kuchoka kungoja matatu na kulipa nauli ipandayo kila mvua inyeshapo, hutaka kununua pikipiki; na kwa kuwa pikipiki mpya ni ghali, hutafuta iliyokwisha tumika. Katika makala haya twapenda kuwaeleza wasomaji mambo ambayo yafaa kutazamwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Zamani shida hii haikuwa kubwa. Mitaa ya kwanza, kama Kaloleni, Makongeni na Mbotela, ilijengwa karibu na reli na viwanda, na mtu aliweza kufika kazini kwa miguu au kwa baiskeli. Lakini tangu miaka ya 1970 mji umeenea sana kuelekea mashariki: Buruburu, Umoja, Dandora, kisha Kayole, Komarock na mitaa mingine ng'ambo yake. Nyumba zimesogea mbali, na kazi nyingi zimebaki kule kule zilikokuwa, au zimehamia ng'ambo ya pili ya mji. Yapata mwaka 2008 Serikali ilipunguza kodi za pikipiki ndogo, na tangu wakati ule zimejaa nchini, hata leo hakuna mtaa usiokuwa na mtu auzaye yake.

Jambo la kwanza ambalo wanunuzi wengi hulidharau ni raha ya mwili. Husema, "Mimi si tajiri, nataka chombo cha kunifikisha tu." Hili si neno la busara. Mtu akaaye juu ya pikipiki saa mbili kila siku, mgongo umepinda na mikono imeingia ganzi, hufika kazini amekwisha choka, na mtu aliyechoka hukosea barabarani. Raha hapa ni sehemu ya usalama.

Raha hiyo hutokana na mahali patatu ambapo mwili hugusa chombo: kiti, usukani na mahali pa kuwekea miguu. Ukikaa kitini, nyayo zako zote mbili zifike chini vizuri, kwa maana katika msongamano wa Jogoo Road utasimama na kuondoka mara nyingi mno, na mtu anayesimamia ncha za vidole huanguka pamoja na pikipiki yake. Magoti yasikunjwe sana wala yasigonge usukani unapokata kona. Mikono nayo iwe imelegea kidogo kwenye viwiko. Ukijiona umeinama mbele hata uzito wa mwili unalala juu ya viganja, jua ya kuwa usukani huo haukufai, au umepindwa katika ajali. Usikae dakika moja tu na kusema yatosha. Kaa dakika kumi, mkizungumza na muuzaji habari za bei, nawe mwili wako utakuambia wenyewe.

Kiti kikiwa kigumu, hiyo si sababu ya kuiacha pikipiki nzuri. Sifongo ya ndani huweza kubadilishwa na fundi wa viti kwa fedha chache, tena ni vema kumwambia asikifanye kiti kiinamie mbele, maana kitakusukuma juu ya tangi kila ushikapo breki. Hata usukani hubadilishwa. Bali pikipiki isiyolingana na urefu wako haina dawa.

Tukija kwenye ukubwa wa injini, pikipiki nyingi zinazouzwa Nairobi ni za cc 100, 125 na 150, kama vile Bajaj Boxer na TVS kutoka India, na Honda na Yamaha zenye asili ya Japani. Ile ya cc 100 hula petroli kidogo sana, nayo yamfaa mtu wa safari fupi, mathalani kutoka Jericho hata Industrial Area. Lakini ikiendeshwa mbio kwa muda mrefu katika Outer Ring Road au Mombasa Road, injini hulazimika kuzunguka kwa kasi kubwa, nayo hutetemesha usukani na kanyagio hata vidole vikafa ganzi. Ile ya cc 150 huenda mwendo ule ule bila kuhangaika, na ikiwa imetunzwa vema huweza kwenda kilomita 40 na zaidi kwa lita moja. Kwa safari ya kilomita 40 kwa siku, maoni yetu ni kwamba cc 125 au 150 ndiyo ifaayo, na zaidi ya hapo ni kulisha petroli bure.

Kuna pikipiki za namna nyingine zipatikanazo katika minada ya mashirika na ofisi, nazo ni zile ndefu zilizofanywa kwa njia za shamba, kama Yamaha AG100 na DT125. Hizi zina springi laini mno, na mashimo ya barabara huyasikii. Lakini ni ndefu kwa kimo, tena injini zake ni za mipigo miwili, ambazo huchoma oili pamoja na petroli; hivyo hutoa moshi na hula mafuta zaidi. Mtu mrefu apitaye njia mbovu ataipenda. Mtu mfupi aipishe.

Na njia mbovu si jambo la shamba peke yake. Wakazi wa Embakasi, Kayole na kando kando yake waujua udongo mweusi wa huko: mvua za Machi hata Mei zikinyesha, udongo ule hunata kama ulimbo, huingia kati ya tairi na bamba la matope, na gurudumu likakataa kuzunguka. Kwa hiyo tazama nafasi iliyopo kati ya tairi la mbele na bamba lake. Ikiwa vidole viwili havipiti, tope litakusimamisha njiani. Matairi yenyewe yawe na meno ya kutosha. Ubavuni mwa tairi pameandikwa tarakimu nne, mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka lilipofanywa. Tairi likiwa limepita miaka mingi mpira wake huwa mgumu na kuteleza katika lami iliyolowa, hata kama meno yake ni mazima.

Sasa yafaa tuseme juu ya pikipiki zilizokuwa bodaboda, maana hizo ndizo nyingi sokoni. Bodaboda aghalabu hutembea kilomita 100 au zaidi kwa siku, hivyo pikipiki ya mwaka mmoja huweza kuwa imekwisha tembea kilomita 30,000, mara nyingine ikichukua abiria wawili na gunia, ingawa sheria yaruhusu abiria mmoja tu. Muuzaji huenda akasema ilikuwa ya mwalimu aliyeiendesha Jumapili kwenda kanisani. Usibishane naye, tazama tu. Matundu ya mwavuli penye usukani, kiti kilichorefushwa, kanyagio za abiria zilizolika, na chuma cha mizigo kilichochomelewa nyuma, vyote hivyo vina habari za kukuambia. Mita ya kilomita usiiamini sana, maana waya wake hukatika na kuachwa miezi mingi, na wengine huirudisha nyuma makusudi. Pikipiki ya namna hii si lazima iwe mbaya, lakini bei yake na iwe ya bodaboda.

Nenda kuiona asubuhi, na kabla ya salamu kwisha isogelee injini na kuihisi kwa mkono. Ikiwa moto, muuzaji ameiwasha mapema, labda kwa kuwa ikiwa baridi haitaki kuwaka. Mwombe mngoje ipoe. Ikiisha kuwaka, tazama moshi: moshi wa rangi ya buluu usiokoma maana yake oili inapita na kuungua pamoja na petroli, na huo ni ugonjwa wa gharama kubwa, moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, na kwa kawaida fundi hurekebisha kabureta. Sikiliza pia kama kuna mlio wa chuma kugongana ndani ya injini.

Baadaye uchunguze mwili wa chombo. Mwambie mtu ainue gurudumu la mbele, nawe geuza usukani polepole kulia na kushoto. Ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma ulisukume upande kwa upande. Likicheza, mkono wa chuma unaolishika umelegea, na pikipiki itayumba kila ipitapo tuta. Bonyeza springi za mbele kwa nguvu, kisha zipapase: oili ikikutia mkononi, mipira yake imepasuka. Meno ya gurudumu dogo la cheni yakiwa yamechongoka na kupinda kama meno ya papa, cheni na magurudumu yake mawili vyote havina budi kununuliwa upya. Rangi mpya mahali pamoja tu, hasa chini ya tangi au karibu na shingo, huficha alama ya kuchomelea. Pikipiki iliyovunjika fremu usiinunue kwa bei yoyote.

Kisha iendeshe. Muuzaji akiogopa utakimbia nayo, mwachie kitambulisho au mpande pamoja. Usitafute lami nzuri; pita penye matuta na mashimo, kwa maana huko ndiko utakakopita kila siku. Achilia usukani kidogo tu penye uwazi uone kama yavuta upande mmoja. Jaribu breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja peke yake.

Sasa tumefika penye jambo ambalo limewatia watu hasara kuliko injini zote mbovu, nalo ni karatasi. Pikipiki nyingi siku hizi hununuliwa kwa mkopo, na mpaka deni liishe jina la kampuni ya mkopo hubaki katika kumbukumbu za umiliki pamoja na la mwenye pikipiki. Mwenye deni akiiuza kwa siri, wewe uliyenunua utaamka asubuhi moja ukute imechukuliwa, na fedha zako zimekwenda. Nyingine ni za wizi. Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, fanya uchunguzi wa namba ya pikipiki katika mtandao wa Halmashauri ya NTSA, kwa njia ya eCitizen. Malipo yake ni madogo. Hakikisha jina la mwenyewe ni la yule mtu aliye mbele yako mwenye kitambulisho chake mkononi. Soma namba ya fremu iliyopigwa shingoni, na namba ya injini, uzilinganishe na zilizoandikwa. Zikiwa zimekwaruzwa au kupigwa upya, ondoka. Uhamisho wa umiliki uanzishwe siku ile ile ya malipo. Yule asemaye, "Chukua tu, karatasi nitakuletea juma lijalo," mwambie kwamba fedha nazo zitakuja juma lijalo.

Wako pia wauzao pikipiki za umeme zilizokwisha tumika, kwa maana kampuni kama Roam, Spiro na Ampersand zimezieneza mjini. Hizo ni tulivu sana, hazitetemeki, na kwa mgongo ni nzuri. Lakini uliza kwanza betri ni ya nani. Baadhi yake huazimwa na kampuni na kubadilishwa katika vituo vyake, hivyo ununuapo pikipiki hununui betri, na huwezi kwenda mahali pasipo kituo.

Mnunuzi awe na leseni ya daraja la A2, na ile ya A3 ni kwa wachukuao abiria kwa malipo. Bima ya kuwalinda watu wengine ni lazima kwa sheria. Kofia ngumu iwe yako mwenyewe, ikubane vizuri, na fulana ing'aayo uivae hata mchana. Wakazi wa Eastlands wana sababu yao ya pekee: asubuhi huelekea magharibi na jioni hurudi mashariki, hivyo jua huwa mgongoni mwao mara zote mbili. Wao hawaoni taabu yoyote, bali dereva ajaye kwa mbele jua limempiga machoni, na pikipiki haioni. Washa taa. Tena Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, hairuhusu pikipiki, kwa hiyo hesabu safari yako kwa barabara ya chini.

Mwisho, usimalize fedha zote katika bei. Weka akiba ya matairi, cheni na springi, ambavyo hupatikana kwa wingi katika maduka ya Kirinyaga Road, na ya kumlipa fundi unayemjua, si yule aliyeletwa na muuzaji. Na oili ya injini imwagwe na kutiwa nyingine siku ile ile, hata kama muuzaji ameapa ya kuwa aliibadilisha jana.