INJINI YA BOTI ILIYOTUMIKA: JUA UTAIUZA BEI GANI KABLA HUJAINUNUA

Sisi tunaouza vitu vilivyotumika mtandaoni, faida tunaitengeneza siku ya kununua. Ukinunua vibaya, hata upige picha kali kiasi gani, mzigo utakulalia.

Angalia wenzetu wa magari ya kifahari. Mwaka 2018 Ferrari 250 GTO ya 1962 iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 48. Zilitengenezwa 36 tu. Ila wanunuzi wa magari yale hawaishii kwenye uchache. Wanakagua kama injini ni ile ile ya kiwandani na kama karatasi za matengenezo zipo. Kisichothibitishwa kinakatwa kwenye bei.

Huku kwetu Maparoni usafiri ni boti, kwa hiyo Ferrari yetu ni injini ya kupachika, tuseme Yamaha ya HP 15 au 40. Ukaguzi ni huu:

1. Namba na karatasi. Soma namba kwenye kibao cha injini, linganisha na risiti. Kama kibao kimebanduliwa au namba imekwanguliwa, achana nayo hata kama ni bei ya kutupa. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na ikikamatwa mtaji wako umeenda. Hata risiti ikiwepo, andikishianeni mauziano mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

2. Iwashe ikiwa ya baridi, ndani ya maji. Ukikuta mwenyewe kashaipasha moto, subiri ipoe, maana injini ya moto inaficha ugumu wa kuwaka. Kisha tazama maji ya kupoozea yanayotoka kwenye tundu lake. Yatoke kwa nguvu. Yakidondoka tu, huenda pampu imechoka au njia imeziba. Tope letu la delta linakula raba ya pampu, na chumvi inaziba njia.

3. Oili ya gia. Legeza skrubu ya chini kidogo. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameshaingia, sili zimekufa.

4. Kompresheni. Mlipe fundi mwenye geji aipime. Silinda zinatakiwa zikaribiane. Tofauti ikizidi asilimia 15, kuna ugonjwa ndani.

Sasa piga hesabu kuanzia mwisho. Tuseme (huu ni mfano tu) injini kama hiyo ikiwa nzima inauzika 3,000,000. Toa matengenezo 450,000, usafiri 60,000 na faida yako 300,000. Inabaki 2,190,000. Hiyo ndiyo bei yako ya juu kabisa. Muuzaji akikomaa na 2,500,000, mshukuru kwa heshima, ondoka. Ukilipa hiyo, umeshakula faida yako na hasara juu, tena kabla hujaposti.

Ukiiposti, weka video ikiwaka ya baridi na maji yakitoka, taja na vifaa ulivyobadilisha. Mteja wa Nyamisati au Mafia hawezi kuja kuigusa, hivyo mpe cha kumtoa wasiwasi. Kama kuna kasoro imebaki, iseme mapema. Akiigundua mwenyewe atashusha bei zaidi ya gharama ya kuitengeneza.

Una injini unaifikiria? Andika kwenye komenti ni HP ngapi na umeona nini, tuipigie hesabu pamoja.