Mkoba wa bajeti: Dodoma Juni, Lilongwe mapema zaidi

Picha ya waziri wa fedha akiinua mkoba siku ya bajeti imezoeleka Nairobi na Dodoma. Desturi hiyo ni ya Uingereza, ambako sanduku jekundu la waziri Gladstone, la karne ya 19, lilitumika hadi mwaka 2010. Hata neno bajeti asili yake ni Kifaransa cha kale, bougette, yaani kifuko cha ngozi. India mkoba uliachwa mwaka 2019, waziri Nirmala Sitharaman alipobeba nyaraka ndani ya kitambaa chekundu.

Mkoba wenyewe ni mbwembwe tu. Cha kuangalia ni tarehe. Mzigo wa Dar es Salaam unaovuka Kasumulu na kufuata barabara ya M1 hadi Mponela, au kwa wenye maduka wa kambi ya Dzaleka, unapita chini ya mikoba miwili. Bajeti ya Tanzania husomwa Juni, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Malawi nayo ilikuwa hivyo, lakini tangu 2022 mwaka wake huanza Aprili 1, na bajeti husomwa Lilongwe Februari au Machi. Anayepatana bei Februari kwa mzigo wa Aprili aulizie kwanza ushuru wa Malawi. Akingoja Juni amechelewa.