Kioo cha Nyuma cha Gari na Dhamana Yake



Zamani za wazee wetu, kitu cha jirani kilichovunjwa na mtoto kilikuwa ni mtungi wa maji au sahani ya kauri, na mzazi akijua pa kwenda kununua kingine kabla ya adhuhuri. Leo nyumba nyingi za Waislamu katika miji yetu zina gari dogo la familia, khasa yale yaliyoinuka kidogo kutoka ardhini, kama Toyota RAV4 iliyoanza kuuzwa mwaka 1994, na Suzuki Escudo, na Nissan X-Trail. Mengi huja kwetu kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Hupeleka watoto chuoni, na wagonjwa hospitali, na mizigo ya harusi. Na kioo cha nyuma cha magari haya ni kikubwa, kipo karibu mno na vichwa vya watoto, nacho kikivunjika huzuka maswali ambayo mtungi haukuyazua. Maswali hayo yametufikia chuoni zaidi ya mara moja, ndiyo maana tumeona tuyaandike.

Kwanza yatupasa tukijue kitu chenyewe, kwani hapana hukumu ya haki juu ya kitu kisichojulikana. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, na katikati pana utando wa plastiki. Kikipigwa jiwe hufanya nyufa lakini hakimwagiki. Kioo cha nyuma, katika magari tuliyoyataja, ni cha namna nyingine. Hicho hukatwa kwa kipimo chake na kutobolewa matundu yake kwanza, kisha huingizwa tanuuni katika joto linalopita digrii 600, na kikitoka hupulizwa upepo kwa ghafula. Nje hupoa mbele, ndani hupoa nyuma, na kutangulizana huko hukiacha kioo kimejikaza, nje kumebanwa na ndani kunavutana. Kwa hivyo huwa na nguvu kuliko kioo cha dirisha mara kadhaa. Lakini kikitoboka mahali pamoja hupasuka chote, kikawa punje punje kama chumvi ya mawe. Punje hizo huweza kukwaruza na kuchanja kidole, bali si visu, na hiyo ndiyo sababu ya kuchaguliwa kioo hicho kwa mahali wanapokaa watoto. Na kwa kuwa nguvu zake zote zimo katika mkazo huo, hakikatwi wala hakitobolewi tena baada ya kutoka tanuuni. Fundi anayesema atakichukua kioo cha gari kubwa akipunguze kando kando, ama kazi haijui, ama anaijua na anatuchezea.

Udhaifu wake upo ukingoni. Kioo kilichopata kidonda kidogo ukingoni, kwa mlango kubamizwa juu ya ubao au kwa chuma kilichobebwa vibaya, huweza kukaa siku nyingi salama, kisha kikalia mshindo na kumwagika usiku, gari limesimama na hapana mtu karibu. Hapo ndipo zinapoanza nong'ono za kijicho na uchawi, na jina la jirani fulani hutajwa. Sisi hatukatai kuwa jicho ni haki, kwani Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza hivyo. Lakini kumtuhumu Mwislamu kwa dhana ni dhambi iliyokatazwa wazi, na kioo kina sababu zake.

Kikisha vunjika, kazi ya kwanza ni kuziondoa punje njiani, kabla ya kumtafuta aliyevunja. Kila aliyesoma chuo amefundishwa kwamba kuondoa chenye kuudhi katika njia ni tawi miongoni mwa matawi ya imani, na watoto wetu wangali wakipita pekupeku katika vichochoro. Zifagiliwe, zitiwe katika kopo lenye kifuniko, na ndani ya gari zitolewe kwa mashine ya kufyonza vumbi ikipatikana, mikono ikiwa na glavu. Nyingi hudondokea ndani ya tumbo la mlango wa nyuma, nyuma ya ubao wa ndani. Fundi asipoufungua ubao huo mtazisikia zikicheza kila gari lipitapo penye shimo, na huweza kuziba vijitundu vya kutokea maji, mlango ukaanza kuliwa na kutu.

Kisha watu huziba kwa nailoni na tepu, na jambo hili lataka hadhari kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Gari likienda, hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kurudi, nayo huubeba moshi wa ekzosi na kuuingiza ndani kupitia pale palipo wazi. Katika moshi huo mna hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoleta kichwa kuuma, kisha kizunguzungu, kisha usingizi usio na mwamko. Watoto waliolala kiti cha nyuma wakati wa safari ndio walio karibu nayo. Nailoni ni stara ya kulifikisha gari kwa fundi au kulilaza usiku mmoja kwa mvua. Si ya kusafiria kwenda harusini mji mwingine, wala ya kukaa miezi mitatu mpaka mshahara utoshe.

Sasa tuje katika dhamana. Mzazi mmoja wa mji wetu wa Tanga alitujia baada ya mwanawe wa miaka tisa kurusha jiwe juu ya mwembe, embe lisianguke, likaanguka jiwe juu ya RAV4 ya jirani, ile ya zamani yenye stepni mlangoni. Akasema, “Mwalimu, huyu ni mtoto, kalamu haimwandiki. Nina deni gani mimi?”

Tukamjibu kwamba kalamu iliyoinuliwa juu ya mtoto ni kalamu ya dhambi. Mali ya watu haikuinuliwa pamoja nayo. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, na wengineo, wamesema kuwa aliyeharibu mali ya mtu huidhamini, awe amekusudia au amekosea, awe mkubwa au mdogo. Tofauti ni kuwa dhamana ya mtoto hutoka katika mali ya mtoto mwenyewe, na walii wake ndiye anayeilipa kwa niaba yake kutoka humo. Mtoto yule alikuwa na mbuzi wawili aliopewa na bibi yake. Baba akanyamaza kidogo, kisha akasema hawezi kuwauza mbuzi wa mtoto, atalipa yeye. Tukamwambia huo ni wema wenye thawabu, wala hapana mlango uliofungwa mbele yake. Ila amwite mwanawe amwambie kwamba deni lilikuwa lake na baba amemlipia, kwani mtoto asiyejua kuwa amelipiwa atarusha jiwe jingine.

Upande wa pili, jirani naye alikuwa na haki yake na alikuwa na mpaka wake. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) khabari ya bakuli la chakula alilopelekewa Mtume (S.A.W.) na mmoja wa wakeze, naye yuko nyumbani kwa mke mwingine, huyu kwa wivu akaupiga mkono wa mtumishi, bakuli likaanguka likavunjika. Mtume hakufoka. Aliokota vipande kwa mkono wake, akakikusanya chakula, akamzuia mtumishi mpaka likaletwa bakuli zima kutoka nyumba ile ile, akampelekea mwenye kuvunjiwa lililo zima na akaliacha bovu kwa aliyevunja. Tazameni jinsi khabari hii inavyotuonyesha kipimo: chombo kizima badala ya chombo, si zaidi wala si pungufu. Jirani yetu alitaka pamoja na kioo alipiwe waipa iliyokufa mwaka mzima kabla ya jiwe, na tinti ambayo kioo chake hakikuwa nayo. Tulimwambia kwa upole kwamba hayo si katika alichovunjiwa. Akacheka, akayaacha, Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Lakini kipimo hicho hicho kilimkata na baba, na hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Siku ya pili alikuja na furaha kuwa amempata fundi wa madirisha ya nyumba, atakayekata kioo cha kawaida kwa umbo lile na kukibandika kwa silikoni, kwa bei ndogo sana. Kwa macho kitafanana. Tukamsihi asifanye. Kioo cha dirisha kikivunjika hutoka vipande virefu vyenye ncha, na gari likigongwa nyuma, mahali vitakapokwenda ni shingo za watoto wa jirani. Huko si kulipa deni, ni kutoa kitu kwa jina la kitu kingine. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umaji chini ya ukavu, akamkana mwenye kughushi asiwe pamoja naye. Pale palikuwa na chakula kilicholowa tu. Je, ikiwa kilichofichwa ni kisu? Hata jirani angeridhia kwa kutojua, ridhaa ya asiyejua si ridhaa. Na karatasi ya plastiki ngumu nayo, ingawa haikati, hukwaruzika na kufifia, dereva asione nyuma usiku. Hiyo pia si badala ya kioo.

Vipi basi atambue asiyekuwa fundi? Kioo halali cha gari kina alama iliyochorwa pembeni. Mara nyingi pana herufi E ndani ya duara na tarakimu 43R, nayo ni kanuni nambari 43 ya Umoja wa Mataifa juu ya vioo vya magari. Na vingi vya Kijapani huandikwa pia neno TEMPERED. Kizunguke kioo mkione kina ukanda mweusi uliochomewa ukingoni. Kazi yake ni kuikinga gundi na jua. Kiwe na mistari myembamba ya kupasha joto ya kuondoa ukungu, na vishikio vya nyaya zake. Katika gari nyingine mkono wa waipa hupita katika tundu la kioo chenyewe, na tundu haliongezwi baadaye, kama tulivyosema. Nendeni dukani na nambari ya chasisi, kwani RAV4 ya mwaka 1998 na ya mwaka 2003 si umbo moja, ingawa jina ni moja.

Kioo kilichotumika hakina aibu, ndicho kinachowiana na kilichopotea. Tanga hakikupatikana, kikaagizwa Dar es Salaam, kikaja kwa basi kimesimamishwa wima na kufungwa blanketi, ukingo wote ukiwa umekingwa. Ila kabla ya kununua, kitazameni. Wenye magari katika miji yetu huchora nambari ya usajili juu ya vioo na taa kwa kuogopa wezi. Mkiona kioo kina nambari ya gari jingine, muuzeni muuzaji alikipataje. Na mkiona mahali pa nambari pamesuguliwa mpaka pakapauka, kiacheni, hata kikiwa nusu ya bei. Mali ya wizi haimtoki mwenyewe kwa kuuzwa, na aliyenunua hali anajua hakumiliki kitu. Hebu fikirini: mtu akilipa deni la kioo kwa kioo cha wizi, amelitoa deni kwa jirani mmoja akalipeleka kwa jirani asiyemjua.

Kazi ya kupachika ni ya nusu siku kwa fundi mwenye subira. Magari ya zamani sana yana raba inayozunguka kioo. Haya tunayoyasema kioo hugundishwa moja kwa moja na bodi. Fundi huikata gundi kuukuu kwa kisu akaacha tabaka jembamba, akaitazama kutu na kuisugua, akapaka praima, kisha akazungusha uzi mnene wa gundi ya urethani usiokatika mahali popote, ndipo kioo kikawekwa kwa mikono ya watu wawili na kushikizwa kwa tepu. Silikoni ya bafuni si gundi hiyo. Ujira na upatanwe kabla ya kisu kugusa gari, na ulipwe kazi ikiisha, wala fundi asizungushwe kwa njoo kesho.

Gundi hiyo hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa, nasi watu wa pwani tumejaaliwa unyevu mwingi. Hata hivyo muulizeni fundi gundi yake yataka saa ngapi kabla gari halijaondoka, na kwa saa 24 msilioshe kwa maji ya nguvu wala msiubamize mlango; mlango wenye stepni ni mzito, na ukifungwa huku madirisha yote yamefungwa, hewa ya ndani hukisukuma kioo nje. Acheni dirisha moja wazi kidogo.

Limebaki moja, aliloliuliza mama mmoja naye akalia. Kioo chake kilikuwa na karatasi ya kunata yenye Ayatul Kursiyyu, na kilipomwagika, karatasi ilibaki imeshikana na punje zake, fundi akaikanyaga. Fundi hakukusudia na hana dhambi katika hilo. Karatasi kama hiyo iokotwe na kuhifadhiwa na unajisi, kisha ichomwe au izikwe mahali safi pasipokanyagwa, sayyidna Uthman (R.A.) alizichoma nakala alizotaka ziondoke, na masahaba walikuwapo. Na mwenye kutaka kubandika nyingine juu ya kioo kipya, aache kwanza gundi ikauke, wala asiiweke juu ya mistari ya kupasha joto, kwani siku ya kuibandua atainyofoa mistari pamoja nayo. Ikiwa imekwisha wekwa hapo, ilowekwe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu mpaka ilegee, ivutwe polepole kufuata mistari inavyokwenda, bila ya wembe.