Ukipanda ndege ndogo, vaa kama rubani

Rubani wa shirika kubwa hupangiwa sare. Yule anayerusha ndege yake mwenyewe, yenye injini moja na viti vinne, hujichagulia nguo. Hata kwenye jua kali la Mtwara, rubani makini huvaa suruali ndefu ya pamba na viatu vya kufunika, na hubeba jaketi. Kila vazi lina sababu yake, na sababu hizo zinakuhusu wewe mgonjwa, au wewe mzazi unayempeleka mtoto Dar es Salaam kwa ndege ndogo ya kukodi.

Baridi ya angani
Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Mikindani kukiwa na nyuzi 30, mita 3,000 juu yake hewa ya nje huwa karibu na nyuzi 10. Isitoshe, ndege nyingi ndogo hazina mfumo wa kudhibiti shinikizo la hewa ndani kama zilivyo ndege kubwa za abiria, hivyo kadiri zinavyopanda ndivyo oksijeni unayovuta inavyopungua.

Kama mtoto wako ana selimundu, zingatia hapa. Baridi, upungufu wa maji mwilini na upungufu wa oksijeni vyote vinaweza kuamsha maumivu makali. Mvalishe nguo nyepesi mbili au tatu, moja juu ya nyingine, pamoja na soksi na kofia, kisha mpe maji mara kwa mara. Kabla ya kulipa nauli, muulize daktari wake kama anaruhusiwa kusafiri kwa ndege. Fanya hivyo pia kwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, ugonjwa wa moyo au wa mapafu.

Kitambaa na viatu
Rubani huepuka nailoni na poliesta kwa sababu zikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na kidonda huwa kibaya zaidi. Pamba huungua pia, lakini haiyeyuki. Kwa hiyo kanga na kitenge cha pamba ni chaguo zuri. Ndala nazo ziache begini: kwa rubani zinaweza kukwama kwenye pedali, na kwa abiria huvuka mguuni pale anapotakiwa kutoka haraka.

Jaketi okozi
Anayeruka juu ya bahari kwa injini moja mara nyingi huvaa jaketi okozi tangu anapoondoka, likiwa halijajazwa upepo. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaangukia baharini karibu na Ngazija, ng'ambo ya bahari kutoka pwani yetu. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Baadhi yao walijaza jaketi wakiwa bado ndani, maji yakawainua hadi darini, wakashindwa kutoka. Kumbuka: vaa ndani, jaza ukishatoka mlangoni.

Miguu na majeraha
Epuka suruali ya kubana na mkanda uliokazwa sana. Hewa iliyo tumboni hutanuka ndege inapopanda, na nguo ya kubana huongeza maumivu, hasa kwa mjamzito. Mwenye plasta ngumu iliyofungwa ndani ya saa 48 amweleze daktari kwanza, kwa sababu mguu au mkono unaweza kuvimba ndani yake.

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kwa ndege ni karibu saa moja. Hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huongezeka zaidi safari inapozidi saa nne za kukaa, na basi la kwenda Dar huchukua muda mrefu kuliko huo. Ukiwa mjamzito, umetoka kujifungua au umefanyiwa upasuaji karibuni, muulize daktari kuhusu soksi maalumu za kubana miguu, hata kama unakwenda kwa basi. Njiani chezesha vifundo vya miguu, na basi likisimama shuka utembee.

Dawa na karatasi ya rufaa viweke kwenye mkoba unaokaa nao kitini. Kwa mtoto mchanga, mnyonyeshe ndege inapoanza kushuka. Kumeza hupunguza maumivu ya masikio.